Nilikuwa Nimezima

Fomu ya ajali ina mistari sita tu ya maelezo.
Baba ameiweka mezani, kando ya bakuli la supu iliyopoa,
na mkono wake wa kulia, bendeji mpaka kiwiko,
umelala kama mgeni asiyejua akae wapi.
"Andika wewe," anasema. "Kiingereza chako kina meno."

Nina miaka kumi na mitatu. Nilipata tisini na moja
kwa Bi. Strecker, zoezi la nyakati za vitenzi:
jaza pengo, chagua A, B au C.
Hakuna pengo hata moja lililotoka damu.

Nauliza: mashine uliizima lini?
Anajibu kwa Kivietinamu,
ambamo kitenzi ni jiwe, jana jiwe, kesho jiwe.
Kuzima mashine. Kuingiza mkono. Kisu kuzunguka.
Shanga tatu bila uzi.

Kiingereza kinataka uzi.
Nikiandika "nilizima", wakili wa kiwanda atauliza:
kabla ya yowe, au baada?
Nikiandika "nilikuwa ninazima",
kidole kilikuwa bado njiani kuelekea swichi,
kosa ni la Baba, na kodi ya Machi ni yetu.
"Nilikuwa nimezima":
wakati uliopita nyuma ya wakati uliopita,
chumba cha ndani kabisa,
swichi imeshalala kabla mkono haujaanza safari.

Nje, theluji ya Kansas inaangukia maghala ya ngano.
Harufu ya machinjio haijui majira.

"Baba, una hakika?"

Anatazama kucha za mkono uliobaki.
"Kengele ya zamu. Hoelscher anahesabu dakika, unamjua.
Mimi huzima. Kila siku huzima."

Wakati wa mazoea:
ukweli wa kila siku
usioweza kuishuhudia hata siku moja.

Naandika. Nafuta. Naandika.
Karatasi imekuwa nyembamba pale pale,
ukiinua taa unaona meza upande wa pili.

Chini kabisa wamechapa wenyewe:
nathibitisha kuwa haya yote ni kweli.
Wakati uliopo. Ule tuliofundishwa wa kwanza,
siku ya kwanza, pamoja na rangi na matunda.

Lương Khiêm anatia sahihi kwa mkono wa kushoto,
herufi za mtoto wa chekechea,
nami nashikilia karatasi isiteleze.