Mkwaju wa Nduyangu

Nyumba yetu ya Majengo haikuwa na kabati la vyombo.
Kulikuwa na kabati la viatu:
njumu za babu, kazi ya fundi wa Kibokoni,
njumu za baba, beki, cha kushoto kimelika soli,
na za ami Twalib, aliyeichezea taifa mechi moja,
dakika tisa,
akazisimulia miaka arubaini.

Ghalib alirithi jezi namba tisa na kiatu namba tisa.
Mguu wake ulikuwa namba saba.
Mbele akashindilia gazeti la juzi,
ndipo kila bao lake likawa na habari za watu ndani:
bei ya sukari, meli iliyokwama gatini,
waziri aliyefutwa kazi.

Mabao mia na kumi na manne. Mama ndiye aliyeyahesabu
kwa kokwa za tende, katika kopo la samli.
Tononoka walimwita Sindano:
hupita pasipopitika, nyuma akaacha uzi.

Mimi nilikuwa mlinda lango.
Nyumba ya wafungaji, lazima apatikane wa kufungwa.

Basi ikaja fainali, mwaka wa El Nino,
uwanja tope, yeye upande wa Majengo,
mimi nimeajiriwa na watu wa forodha.
Dakika ya themanini na nane, mkwaju.
Aliuweka mpira, akauzungusha mara mbili,
kama mama na chapati juu ya chuma.
Akanitazama.
Tangu utotoni, kwenye ukuta wa kina Mwanaisha,
alipiga kulia kwangu.
Siku ile alipiga kulia kwangu.
Nikaudaka.

Uwanja ukasema: kamwachia nduye.
Baba akasema: damu nzito, akazima redio.
Timu yake ikamuuza Nairobi kama jokofu bovu.
Alirudi na goti lililoshonwa.
Nami nilipewa medali. I ndani ya soksi hadi leo.

Yuwauza matairi sasa, Mwembe Tayari.
Ijumaa hunipitia, twende msikitini.
Goti halikunjiki, hunyoosha mguu
nami huinama kumfunga kamba.
Viatu vyake mwenyewe, namba saba, havina gazeti.

Juzi nilifungua kinywa nimwulize.
Nikajikuta napiga fundo la pili, la tatu.
"We nawe," akasema, "wakaza mno.
Umenibana."

Nikalegeza.