Pembe Iliyokunjika

Chumba cha chini kwa Raija, Thunder Bay.
Theluji imeziba kidirisha.
Tunapapasa karata mpya kama kitambaa cha suti.

Za Brazili nyembamba, zinateleza;
Osmo anazigawa mpaka sakafuni.
Za Italia zina ukaidi: ukizipinda
zinajinyoosha, kama mtu asiyekiri kosa.
Zile za bei rahisi
zinanuka pazia la bafu.
Raija anazimwagia zote bia, makusudi,
anazisuuza, anazipangusa kwa aproni.
Kopa bado nyekundu. Ree bado ree.

Tukapiga kura. Italia.

Za karatasi tukazifungia kwenye kopo la biskuti.
Miaka kumi na minane
ree ya shupaza ilikuwa na pembe iliyokunjika.
Ikimfikia Veikko, sote tuliiona,
yeye tu hakujua,
tukatupa karata zetu mapema,
tukamwambia, pole, leo huna bahati.

Plastiki haina kovu.
Usiku huu Veikko anasukuma sarafu zake zote mbele,
nasi, kwa mara ya kwanza,
tunalazimika kumtazama usoni.

Haujakunjika popote.