Kopo la Samaki

Injini tuliishusha kwa kamba ya kuanikia nguo
iliyosukwa mara tatu, juu ya boriti ya banda,
mimi na jirani yangu Hrachik, ambaye mgongo wake
una hitilafu na ulimi wake hauna breki.
Vanadzor, Januari. Nje theluji imefika magotini.
Ndani, jiko la mafuta ya taa linakohoa,
linapasha joto ukuta mmoja na mguu wangu wa kushoto.

Moskvichi ya baba. Imenizidi umri kwa miaka miwili.
Fedha: dramu elfu sitini, ndani ya bahasha
iliyoandikwa "meno" kwa mwandiko wa mama.
"Mimi nakunywa supu," alisema. "Gari halinywi supu."

Ringi nilinunua mpya; hapo sikupunguza.
Gasketi ya hedi nayo mpya, baada ya kubishana bei
na mwanamke wa soko la Jumapili kando ya reli
hadi akaniuliza kama nilinyonya ziwa au limau.
Pistoni nne nilizirithi
kwa gari lililopinduka njia ya Dilijan.
Valvu nilizipekecha kwa viganja,
kijiti katikati, unga wa kusagia kwenye kingo,
jioni nane, valvu moja kila jioni,
kama watu wa kale walivyopekecha moto,
ila moto wangu ulikuwa bado mbali.

Kisha nikafungua beringi za krankshafti.
Ya kwanza, nzima. Ya pili, nzima.
Ya tatu ilikuwa imekalia kitu:
ukanda wa bati uliokatwa kwa mkasi,
upande mmoja una rangi ya samawati,
jicho la samaki,
na herufi tatu za jina la kiwanda.
Nikaketi juu ya ndoo.

Mwaka ule umeme ulipokuwa unakuja saa moja kwa siku
baba aliingia, mikono myeusi hadi kwenye viwiko,
akatangaza: "Beringi mpya! Bado zina grisi ya kiwandani!"
Mama akamkatia kipande kikubwa cha mkate.
Wiki ile tulikula samaki wa kopo siku mbili mfululizo.
Mimi nilidhani ni sikukuu.

Miaka thelathini, uongo mwembamba kuliko ukucha
umebeba krankshafti, ukatupeleka shule,
hospitali, mara moja hadi baharini Batumi,
ukalifuata na jeneza lake, polepole, gia ya kwanza.

"Beringi za kweli ni elfu kumi na nane," akasema Hrachik.
Bahasha ilikuwa na elfu mbili na risiti.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, haya, nimeinama,
nimekikuta. Hawakusema
ukishakikuta ukifanye nini.

Nikamtuma Hrachik dukani.
Tulikula kwanza, kwa vidole vyenye oili,
samaki akiwa na ladha ya gereji.
Halafu nikapima, nikakata, nikasugua kingo kwa msasa,
nikapima tena. Bati la siku hizi ni jepesi.
Niliweka vipande viwili.

Tarehe tatu Machi, jioni, iliwaka.
Si mara ya kwanza; mara ya kwanza ilipiga chafya tu.
Mara ya nne ilitutukana kwa moshi.
Mara ya saba ikashika, ikatetemeka, ikatulia,
na chini kabisa ukabaki mlio mdogo, tk, tk,
kama mgeni anayebisha hodi
akijua wenyewe wapo.

Mama akatoka na shali kichwani.
"Beringi, Arusyak. Umeweka mpya?"
"Mpya," nikasema. "Bado zina grisi ya kiwandani."
Akaitazama mikono yangu. Akalitazama kopo
lililokatwa ubavu, sasa limejaa nati, pale dirishani.
Hakusema neno. Akarudi ndani,
nami nikazima injini ili nisikie
kisu kikigonga ubao wa mkate.