Mkono wa Kulia

Saa nne usiku, Elgoibar. Mvua, kama juzi.
Kiwandani tumebaki wawili: mimi na mkono
ambao haujazaliwa bado.
Unaishi ndani ya skrini, rangi ya chungwa,
viungo sita, kivuli kimoja.

Nimeuambia: okota gia mezani.
Ukageuka kwa adabu, ukainama,
ukapenya sakafu hadi begani
kama mtu anayetafuta pete kisimani.
Hakuna kilichovunjika.
Ndiyo raha ya dunia ya kubuni.

Gia aliichora Ibon, ghorofa ya chini.
Kwa Ibon, juu ni Y.
Kwangu mimi juu ni Z.
Miezi minane tunakunywa kahawa ya mashine moja
na hatujawahi kuulizana juu ni wapi.

Nainua mkono wangu wa nyama:
shahada, kati, gumba,
kila kidole na njia yake, nyuzi tisini.
Kanuni inaitwa ya mkono wa kulia;
kulia mkate au kulia machozi, haisemi.
Koldo mlinzi anapita na tochi,
anadhani ninamtukana.

Kila fremu ina mzazi.
Ncha ni mtoto wa kifundo, kifundo wa kiwiko,
kiwiko wa bega, bega wa kitako cha chuma,
na kitako mtoto wa dunia.
Dunia haina mzazi: sifuri, sifuri, sifuri.
Kata uzi mmoja tu, kilicho chini yake ni yatima:
umbali kinao,
hakijui ni umbali kutoka kwa nani.

Baba, tangu kiharusi cha Machi, anakula nusu sahani.
Nusu ya kushoto si kwamba haioni.
Haipo.
Daktari alisema tusimkemee. Mama anamkemea.
Jana sikusema neno, niliizungusha sahani
nyuzi mia na themanini,
akala dengu zilizobaki, akiuliza
nani kamwongezea.

Mstari mmoja, basi: zungusha, mhimili X, tisini.
Nabonyeza.
Mkono unashuka, unasita, unafumba vidole
milimita tatu pembeni mwa gia, unashika hewa
na kuibeba kwa uangalifu mkubwa.
Hizo tatu ni za kesho, na Ibon, na kahawa.

Nazima taa. Asubuhi mto Deba ulikuwa kushoto kwangu.
Sasa uko kulia,
na haujasogea.