Herufi ya Nane

Taipureta yetu, Barabara ya Naboa, Mbale,
juu ya duka la misumari,
haikuwa na h.
Ilivunjika mwezi tuliofungua ofisi,
na hela ya fundi tukanunulia stempu.
Basi nikapiga: *aki*, *ma akama*, *s a idi*,
nikiacha mapengo,
na Wakili Habakuki Wambede akayajaza kwa kalamu ya wino,
moja moja, bila haraka,
kama mtu atiaye miche ya kahawa mashimoni.
"Khainza," aliniambia, "usione haya.
Haki haijawahi kuja imekamilika.
Kuna mahali lazima mkono uguse."

Joho lake lilikuwa moja. Nililifua kila Ijumaa,
nikalitundika dirishani, uso kwa uso na Wanale,
upepo ukaliingia likasimama, likatoa hoja peke yake.
Wateja walilipa malewa. Walilipa jogoo.
Wengi walilipa kesho.

Akaja Bi. Nandutu
na stakabadhi za kodi za miaka thelathini
zimefungwa kwa ugwe wa mgomba.
Halmashauri ililitaka shamba lake.
Shauri namba arobaini na moja.
Wakili alisema tangu asubuhi hadi jaji akavua miwani,
na zuio lilipotoka
wanawake wakambeba juu juu mpaka kituo cha mabasi,
kiatu kimoja kikabaki njiani.

Wengine husema siasa yake ilianzia chamani.
Mimi nilikuwepo, nimeshika kile kiatu.
Aliyebebwa mara moja
huanza kusahau uzito wake.

Ilani yake niliipiga mimi,
lakini iliyobandikwa ukutani ilichapwa Kampala,
herufi zote zipo, hakuna pengo.
Alishinda kwa kura mia sita na kumi na mbili.
Mwaka wa tano, redio ikamtaja waziri wa ardhi
nikiwa nachambua mchele;
nikashangilia, mawe yakarudi sufuriani.

Nikabaki na funguo.
Kila Krismasi ililetwa kalenda yenye uso wake,
ukinenepa kutoka Januari hadi Desemba.
Bi. Nandutu alikuwa akipanda ngazi, anaitazama,
anauliza, "Atarudi lini kumalizia langu?"
Najibu, "Shughuli ni nyingi, mama."
Kisha akawa hapandi tena.
Tulimzika wakati wa mvua za Aprili
nje ya uzio wa kiwanda.

Jioni walipotangaza baraza jipya,
jina lake halikusomwa.
Niliipiga redio kofi
kana kwamba limekwama ndani.

Jumatatu akaja kwa miguu.
Nilimjua kwa pumzi, kabla hajafika ngazi ya mwisho.
Akalivaa joho; vifungo vilikataa.
Akacheka kidogo, akaketi kwenye kiti kile kile, kikalia.
"Kuna kazi?"

Nikamwekea faili. Arobaini na moja.
Mjukuu, kijana Wepukhulu, anaishtaki Wizara.
Akasoma kwa kidole, kama zamani,
ukurasa wa kwanza, wa pili,
mpaka kielelezo B:
hati ya miaka tisini na tisa, kwa kampuni.
Kidole kikashuka mpaka chini kabisa,
kikasimama juu ya H
kubwa, yenye mkia, ya wino wa buluu.
Huko chini mtu alikuwa anapimiwa misumari.
Tulizisikia zikianguka kwenye mizani.

"Siletewi kusoma," alisema hatimaye.
"Nililetewa nyingi siku ile. Niliambiwa tia sahihi."
Sikujibu. Nilikuwa natafuta karatasi.
"Khainza, siwezi kuwa wakili wa shauri hili."
"Najua, mheshimiwa."

Nikaizungusha karatasi kwenye mashine,
nikapiga mstari mmoja tu,
nikaichomoa, nikamsogezea pamoja na kalamu:

*S a idi wa kwanza:*

Mapengo mawili.
Akaijaribu kalamu kwenye kiganja.
Haikuandika.
Akaipulizia, akaijaribu tena.