Keekee

Maabara ya Valdivia, mvua juu ya bati tangu Jumanne.
Nasugua sampuli kwa msasa laini
hadi mbao ing'ae kama ukucha,
hadi miaka itoke.

Hii tuliitoa Machi, Eduvina, mimi na wewe,
kule juu kwenye safu ya pwani, matope magotini,
kibali cha serikali ndani ya mfuko wa nailoni.
Uliegemeza kwanza sikio kwenye gome la alerse,
mti ambao bibi yako aliuita lawan,
kisha ukaingiza keekee, ukazungusha, ukazungusha,
ukitweta.
"Ni miaka hamsini na minne, Lientur," ulisema, "si mlima."
Mirija ya soda ndiyo ghala letu:
uzi wa mbao mwekundu, mwembamba kuliko penseli,
uliingia humo na karne zake sita, ukalala.
Ile michubuko mikononi mwako hukuieleza.
Ya buluu, kisha ya manjano, kisha mingine.

Sasa ni Agosti. Daktari Oyarzún,
kijana mwenye soksi zisizolingana,
alikulaza kiubavu, akapapasa mfupa wa nyonga,
akasema utasikia msukumo.
Nami mlangoni niliona bega lake likizunguka,
kifundo cha mkono, pumzi aliyoibana,
nikaujua mwendo ule.

Uboho ulitoka: sentimita moja na nusu.
Ukaomba uonyeshwe.
Uliinua kichupa kwenye taa, ukakikodolea,
ukasema, kwa hasira kabisa,
"Hauna pete hata moja."
Daktari akacheka, halafu akaacha.
"Uboho hauweki kumbukumbu, mama. Unapika damu ya leo tu."
"Na tundu? Mnaliziba kwa kitu gani?"
"Plasta."
"Alerse hujiziba kwa utomvu wake," ukamwambia,
"lakini huchukua miaka,
na mingine huoza kwa ndani, tusijue."

Majibu Ijumaa, wamesema.
Basi nahesabu. Nukta moja kwa kila muongo,
tatu kwa karne. Hadubini inaniumiza shingo.
Hapa ni mwaka uliozaliwa: pete nyembamba kama unywele,
upana wa seli nne, ukame bila shaka,
na mwaka uliofuata, tazama, mti ukaendelea.
Hilo sikuliandika daftarini. Si takwimu,
nawe ungelifuta.

Nimefika ukingoni, chini ya gome,
kwenye utepe mwepesi wa mwaka huu.
Nikakutumia swali wodini: na huu niupime?

Simu ikatetemeka mezani saa tano usiku,
ikamwaga unga wa mbao sakafuni.
Usiuguse, umeandika.
Haujakamilika.