Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mpiga chapa ametuma ujumbe: si Juni tena.
Labda Septemba. Labda, Mungu akijalia, kabla ya mwaka kwisha.
Gundi imekwama bandarini, karatasi imepanda bei,
na ile picha ya joka kwenye jalada la zamani
imekutwa imeliwa na mchwa, kutoka mkia hadi mbavu.

Tulikuwa saba nyuma ya duka la baiskeli la Mbaruku,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
spoku zikining'inia juu yetu kama mvua iliyogoma kushuka.
Nikausoma ujumbe mara mbili.
Mara ya pili hakuna aliyesikiliza.

Semkiwa alipiga meza, dadu zikaruka:
"Nimelipa tangu Rajabu!
Milango Saba, vitabu vyote vitatu,
risiti hii hapa, muhuri huu hapa,
au nao umeliwa na mchwa?"

Mwanasiti, katoka zamu ya usiku Bombo,
alisema kuna wanaopona kwa kungoja
na kuna wanaokufa kwa kungoja,
akaomba apitishiwe chai.

Shemweta, ambaye hata penseli hukopa,
aliapa kuna mtu Chumbageni anavyo tayari,
vimefungwa nailoni, havijafunuliwa,
na huyo mtu ana shemeji kiwandani.

Chambega, msoma mita mstaafu, hakusema neno.
Alichana boksi la mipira ya ndani, akaandika:

    Mpiga chapa sikia, neno letu si matusi,
    Ahadi ulotwambia, imechakaa upesi,
    Juni imetukimbia, na Desemba ina wasi,
    Kama hakuna farasi, hata punda tungepanda.

Tukamwambia mizani imekaa,
ila mizani haiendeshi mtambo.

Mimi ndiye mwamuzi wa mchezo.
Nakala pekee ninayo mimi, kivuli cha kivuli,
kimetolewa kwenye mashine iliyovuja wino,
kila a na kila e zimevimba matumbo,
na baada ya ukurasa wa arobaini
unafuata wa arobaini na mbili.

Kilichopotea ni kanuni ya visima:
shujaa akitumbukia na silaha zake, afanyeje.
Miaka kumi na sita nimeliziba pengo kwa kichwa changu.
Nilisema: arushe dadu mara moja. Moja tu.
Na dadu yetu ya pande ishirini,
iliyochongwa kwa mninga na fundi wa Makorora,
ina upande uliolika. Hupenda kulalia tatu.

Jumatano moja ya masika, Nyange alitumbukia.
Yaani Binti Radi, mpiga upinde wake,
aliyemlea miaka minne kwenye karatasi ya mistari.
Tatu.
Nikasema: amezama.
Nyange alicheka, akaikunja karatasi mara nne,
akaitia mfuko wa shati.
"Kanuni ni kanuni," akasema, akapanda baiskeli.
Kisha akapata kazi Mtwara.
Kila Idi hunitumia salamu, na swali moja chini yake:
Vitabu vimetoka?

Kwa hiyo usiku ule wa ujumbe nililalamika kuliko wote,
nikamwita mpiga chapa tapeli,
na rohoni nikashusha pumzi.
Maana toleo jipya litakuja na ukurasa wake,
na huenda umeandikwa: arushe mara tatu.
Au: mwenzake amtupie kamba.
Tulikuwa na kamba.
Mwanasiti alikuwa nayo, mita kumi,
imeandikwa kwenye karatasi yake, chini ya tochi na chumvi.
Sikumuuliza.

Leo nimemwandikia Nyange: Bado. Wamesogeza mbele.
Amejibu kwa picha.
Ukuta wa chumba cha kupanga, ncha ya chandarua,
na karatasi yenye makunjo manne, imebandikwa kwa gundi ya viraka.
Pale ninapokumbuka niliandika "amefariki"
pamefutwa kwa kifutio hadi karatasi ikawa nyembamba,
na juu ya wembamba huo, kwa penseli:
Yumo kisimani. Kashika jiwe.
Muulize Siti kuhusu kamba.